Alikuwa na Mwendo Wake

Mimi sipendi kufundishwa kazi yangu. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana nimejificha nyuma ya bahati mbaya. Yaliyoipata filamu ya Bi Mastura hayakuletwa na shetani, wala hayakuletwa na umeme wa Malindi ambao kwa kawaida ndio tunaoutupia lawama zote. Niliyaleta mimi, Msellem, kwa mikono yangu miwili, majivuno yakiwa yamenifika kooni.

Mwaka huo wa themanini na sita, mji mzima ulikuwa na kamera mbili za video, na moja ilikuwa yangu. Binamu yangu aliniletea kutoka Dubai. Kabla yake nilikuwa mpiga picha wa kawaida: picha za pasi, picha za wanafunzi, picha za mabwana harusi wenye makoti ya kuazima. Nilikuwa nimehamia mtaa wa Shella kutoka Mambrui mwaka wa themanini na nne, mimi na mke wangu Mishi, na watu wakaniita Msellem Picha. Kamera ilipokuja wakaniita Msellem Vidio, nami nikaanza kutembea kwa kifua. Mishi alikuwa akisema kwamba siku hizi ninapoingia nyumbani lazima mtu afungue mlango wote, bawa moja halitoshi.

Bi Mastura alikuja asubuhi ya Jumamosi, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Alikuwa akikaa kichochoro cha tatu kutoka studio yangu, mjane, mama wa watu wa makamo ya mama yangu mwenyewe. Nilimjua kwa salamu tu. Nilijua pia kwamba alikuwa amefiwa na binti yake mwaka uliopita, mwezi wa Shaaban, kwa homa ya siku tatu. Matanga nilikwenda, lakini binti mwenyewe sikuwahi kumtia machoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Mke hajambo?"

Akaketi, akafunua buibui lake, akatoa bahasha ya khaki. Ndani yake mlikuwa na gurudumu dogo la filamu, upana wake kama kisahani cha kikombe.

"Hii imeletwa kutoka Ujerumani," akasema. "Kulikuwa na mama mmoja wa Kijerumani, Mama Gerda, alikuwa akija kila mwaka akikodi chumba cha juu pale kichochoroni kwetu. Mwaka wa themanini na moja alipiga sinema maandamano ya zefe ya Maulidi. Sasa amesikia habari za Kibibi. Akatafuta katika masanduku yake, akaiona, akanitumia. Barua nimesomewa. Asema Kibibi yumo, lakini kadogo, pembeni. Apita tu."

"Watu wa zefe ni wengi, mama."

"Ndiyo. Sasa wewe nataka unitolee Kibibi. Umtoe peke yake, awe mkubwa, ajae kioo kizima. Waweza?"

Nikamwambia kwamba hakuna jambo la picha ambalo Msellem haliwezi. Hivyo ndivyo nilivyosema, na ninapoyakumbuka maneno hayo natamani kujizaba kofi.

"Macho yangu yanafunga," akasema. "Mtoto wa jicho. La kulia limekwisha, na hili la kushoto daktari alisema halitauona Ramadhani. Uso wa mtu sasa siushiki. Hata wako hapa naona kitu cheupe kama ukuta wenye chokaa. Lakini mtu akitembea, namjua. Wewe nakujua unapopita kwangu, ukiwa mbali."

"Natembeaje, mama?"

"Kama jogoo aliyetoka kuoga."

Tukacheka sote wawili. Kisha akalikunja pindo la buibui lake, akalikunjua. Akasema polepole, uso ameuelekeza chini:

"Kibibi alikuwa na mwendo wake. Huo ndio nnaoutaka. Sura yake ninayo moyoni, lakini mwendo umeanza kunitoka. Nikilala najaribu kumwendesha, hataki kwenda. Usinipotezee mwendo wake."

Nikatabasamu. Huku kwetu, mtu akisema fulani ana mwendo wake, amemsifu. Nilikuwa nimepiga harusi zaidi ya thelathini kwa video, na katika kila harusi shangazi mmoja hunishika mkono aniambie niwe macho bibi harusi atakapotoka, kwa sababu mwana huyo ana mwendo. Maana yake maringo. Maana yake akipita, vijana husahau walilokuwa wakisema. Basi nikaona picha nzima kichwani: binti mrembo, mabega yametulia, kichwa kama kimebeba mtungi wa maji. Nikamwambia Bi Mastura aje Ijumaa baada ya sala.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa na projekta ndogo niliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama Bofa. Filamu ingepigwa kwenye shuka jeupe ukutani, nami ningeweka kamera ya video mbele ya shuka, niivute karibu kwenye kile kipembe alichomo Kibibi, na wengine wote wabaki nje. Katika picha za karatasi kazi hiyo tunaiita kukata. Mtu huleta picha ya watu saba akataka mjomba wake peke yake. Unakata, mjomba anatoka, na bega la mtu mwingine likibaki unalipaka rangi. Nilikuwa fundi wa kukata. Lakini kukata kitu kinachotembea ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nikafunga madirisha adhuhuri kwa mablanketi. Chumba kikawa tanuri. Nikavua shati, nikawasha projekta.

Filamu nzima ilikuwa ya dakika tatu, haina sauti. Watoto wa madrasa na kanzu zao, madufu yanapigwa bila mlio, mabendera, vumbi. Dakika ya pili kamera ya Mama Gerda ikageukia pembeni kidogo, na pale chini, upande wa kushoto, mlango ukafunguka. Akatoka msichana amejitanda leso za rangi ya chungwa, amebeba sinia kwa mikono miwili, sinia limefunikwa kawa. Akapita kando ya ukuta mweupe, chini ya uzi wa bendera za karatasi uliotandazwa kwa ajili ya Maulidi. Upande wa pili mkono wa mtu, wenye bangili mbili nyembamba za fedha, ukanyooshwa kulipokea sinia. Kisha kamera ikarudi kwenye zefe. Ilikuwa muda wa kusema bismillahi mara tano, sita.

Nilipomvuta karibu, mambo yakaharibika. Kwanza picha ilikuwa ikipepesa, mwanga ukija na kwenda kama taa inayotaka kuzimika. Hilo nililitatua haraka. Projekta na kamera hazikuwa zikienda kasi moja, kwa hiyo nikakizungusha kile kirungu cha kasi cha projekta taratibu, taratibu, mpaka kupepesa kukatulia. Nikajipongeza kwa sauti.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Msichana alikuwa akirukaruka. Katika picha ndogo huoni sana, lakini akijaa kioo, kila hatua ya pili alizama. Kichwa kilishuka, kikapanda, kikashuka, na mara nyingine kilitoka kabisa kwenye fremu. Nikasema hii ni filamu ya zamani, vitobo vyake vya pembeni vimelegea, inacheza ndani ya projekta. Nikasafisha meno ya projekta kwa pamba na spiriti. Akazama vilevile. Nikakaza skrubu. Akazama vilevile. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini watoto wa madrasa hawarukiruki na wao wamo katika filamu hiyohiyo. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na joto, nilikuwa na hasira, na nilikuwa na ile picha ya mwendo wa maringo kichwani mwangu, na nilichokiona ukutani hakikufanana nayo. Basi kosa likawa la mashine.

Nikaamua kulitibu kwa mkono. Nikailegeza kamera kwenye stendi yake, nikaishika kwa mpini, na badala ya kuiacha itulie nikawa namfuata Kibibi. Akienda, nami naenda naye. Kichwa kikishuka, nashusha, kikipanda, napandisha. Lazima niende naye sawasawa, si mbele wala nyuma. Nilirudia siku ya Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Kufikia Jumanne jioni nilikuwa nimeujua mshuko wake kuliko ninavyoijua njia ya nyumbani kwangu. Mkono ulikuwa ukishuka wenyewe kabla jicho halijaona. Mara ya hamsini, au ya sitini, nikampata. Alitoka mlangoni, akapita ukutani kuanzia kiunoni kwenda juu, uso katikati ya kioo, ametulia kama maji ndani ya mtungi. Hakushtuka, hakuzama. Na pale mkono wa mtu ulipochomoza upande wa pili nikasimamisha kanda. Bi Mastura alitaka mwanawe peke yake, nami nikampa peke yake.

Nilifurahi kupita kiasi. Na furaha yangu ndiyo iliyoleta la tatu, ambalo hakunituma mtu. Nikasema nitamfanyia Bi Mastura zawadi: nitaisimamisha filamu pale uso wa Kibibi ulipogeuka kidogo, nimpige picha ya kawaida, niitie fremu. Nikairudisha filamu, nikaisimamisha. Nikainama kutafuta kamera yangu ya picha. Taa ya projekta ni moto, na filamu haiungui kwa sababu tu inapita; ikisimama inaiva. Hilo nalijua. Nilikuwa nikilijua siku zote. Niliinua macho nikaona doa la kahawia limeanza kwenye sinia, linapanda shingoni, linachemka. Nikaivuta filamu kwa nguvu. Meno ya projekta yakaishika. Kipande chote cha Kibibi, kuanzia mlangoni hadi kwenye ule mkono, kikachanika vitobo na kujikunja kama gome.

Nilikaa sakafuni katika harufu ile. Kisha nikajiambia: si neno, kanda ipo. Tena kanda ni nzuri kuliko filamu. Mbona filamu ilikuwa ikirukaruka!

Ijumaa Bi Mastura alikuja amevaa buibui jipya. Mishi alimpa chai, akaikataa kwa adabu, akasema ataona kwanza. Nikamkalisha karibu kabisa na televisheni, magoti yakigusa meza. Akageuza shingo kulipa nafasi lile jicho la kushoto. Nikabonyeza.

Kibibi akatoka mlangoni. Akapita. Kanda ikaisha.

Nikangoja. Nilikuwa nimekwisha kujiandalia jibu la unyonge, la kusema si kitu mama, ndiyo kazi yetu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Huyu ni nani?"

"Ni Kibibi, mama."

"Kibibi gani?"

"Kibibi wako. Mwenye leso ya chungwa. Ametoka mlangoni na sinia."

Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nikarudia mara ya tatu, na mara hii sikuitazama kanda, nilimtazama yeye. Uso wake ulikuwa ukitafuta, kama mtu aliyeitwa sokoni akageuka asimwone aliyemwita.

"Huyu simjui," akasema. "Huyu ni mtoto wa watu. Huyu anapita kama amepakiwa kwenye toroli. Msellem, mwanangu alikuwa akichechemea."

Nikaisimamisha kanda.

"Alipata homa ya kupooza ana miaka mitatu. Mguu wa kulia. Alikuwa akikanyaga mmoja, akazama, akauvuta wa pili. Ndara yake ilikuwa ikisema ta, kisha shaa. Ta, shaa. Hivyo ndivyo nilivyomjua akija, miaka kumi na minane. Nilikwambia. Nilikwambia alikuwa na mwendo wake!"

Akipenda, chongo huita kengeza. Nimeutamka msemo huo maisha yangu yote, na siku nilipoletewa mtu aliyeusema kwa vitendo sikumwelewa. Marehemu hutajwa kwa mema yake. Mama gani angekuja kwenye studio, mbele ya mwanamume asiyemjua vizuri, aanze kusema mwanangu alikuwa kiwete? Alisema neno la heshima, nami nikalisikia neno la harusini. Nikakaa siku tatu katika joto nikimnyoosha mtu ambaye Mungu alimjaalia hivyo, na mamaye alimpenda hivyo.

"Basi irudie kutoka kwenye filamu," akasema, sauti imelainika. "Hukujua. Mwache tu apite anavyopita."

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikumpa hadithi ya umeme. Nilimwambia kwamba filamu imeungua, nimeiunguza mimi, kwa kutaka kumtengenezea picha ya ukutani ambayo hakuiomba.

Ningependa angenitukana. Mimi nazijua hasira, mtu akinikasirikia nami hupata pa kushika. Bi Mastura aliinuka tu, akapapasa ukuta wangu mpaka mlangoni. Mishi akamfuata akamshika mkono, akamfikisha kwake. Aliporudi hakunisemesha, akaenda jikoni, na kwa muda mrefu nikawa nasikia nazi ikikunwa kwa nguvu kuliko inavyohitaji nazi.

Siku nne zilizofuata sikuipiga hata picha ya pasi. Nilikuwa nikiiwasha ile kanda, naizima, naiwasha. Nilimchukia yule msichana aliyetulia. Alikuwa mzuri, na alikuwa uongo mtupu, na ule uongo ndio uliobaki duniani.

Jumatano asubuhi Mishi aliingia na uji, akasimama nyuma yangu, bakuli mkononi.

"Nyumba ya kina nani hiyo inayochechemea?" akauliza.

"Usinitanie, Mishi."

"Sikutanii. Tazama bendera."

Nilikuwa nimezitazama bendera zile mara mia. Zilikuwa zikipanda na kushuka, nami nikadhani ni upepo. Lakini upepo hupeperusha karatasi. Hauunyanyui uzi wote pamoja na ukuta. Nikarudisha. Kibibi akapiga hatua, na uzi wa bendera ukapanda, ukashuka. Hatua moja kimya, ya pili ukapanda. Ta, shaa. Nilipokuwa nikishusha kamera ili kumfuata akizama, ukuta ulipanda badala yake. Ule mguu sikuuondoa, niliuhamisha. Niliutoa kwa mtoto wa Bi Mastura nikaupa ukuta.

Nilimkumbatia mke wangu na bakuli lake, uji ukamwagika, akaniapiza.

Kwa hiyo ningeweza kuurudisha. Nikaweka kamera mbele ya televisheni, nikatia nukta ya wino kwenye kidirisha cha kutazamia, na safari hii sikumfuata Kibibi. Nilifuata uzi wa bendera. Ukipanda, napandisha, ukishuka, nashusha, uzi usitoke kwenye nukta yangu hata kama dunia inateketea. Uzi ukitulia, ukuta umetulia. Ukuta ukitulia, mwenye kuzama atazama.

Siku mbili nyingine, mablanketi yaleyale. Lakini kanda ya kanda si kanda. Kila nilipoipiga tena ile picha kutoka kwenye kioo ilipoteza kitu: kwanza maua ya leso, kisha kawa juu ya sinia, kisha macho. Nilipompata anatembea sawa, uso ulikuwa umekwenda. Palibaki umbo la rangi ya chungwa na juu yake weusi, likipita mbele ya weupe, na mistari ya televisheni ikipita juu ya vyote. Niliziweka kanda mbili mezani. Moja ina uso wa Kibibi bila mwendo wake. Nyingine ina mwendo wake bila uso. Kilichokuwa na vyote viwili nilikuwa nimekikunja ndani ya gazeti, kinanuka moto. Nikalia, na sioni aibu kulisema.

Nilikwenda mwenyewe kwa Bi Mastura siku ya Ijumaa. Sikumwita aje, nilibeba televisheni kwa mkokoteni, mashine ya kanda nikaikumbatia. Alikuwa ameketi chumbani kwake, na nilipobisha hodi akanijua kabla sijasema jina.

"Jogoo hakuoga leo," akasema. "Pita."

Nikamweleza. Nikamwambia uso haupo tena, asije akautafuta akaumia. Akatikisa kichwa.

"Uso nilikwambia ninao. Niwashie."

Nikamsogezea kiti, nikabonyeza, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, tayari kukimbia.

Mimi nilichokiona ni doa. Doa la chungwa, lililotoka kwenye weusi, likasimama wima, likazama upande wa kulia, likajivuta. Likasimama, likazama, likajivuta. Mtu mwingine yeyote mjini angeniuliza ni nini kile.

"Huyo!" Bi Mastura akasema. "Huyo! Huyo mama, huyo mwanangu! Polepole, utamwaga!"

Akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya kioo, viganja juu, kama anayepokea. Alikuwa amevaa bangili mbili nyembamba za fedha mkono wa kulia. Zikagongana, nami nikazijua bangili zile: nilikuwa nimeziona kwenye filamu.

Kanda ikaisha. Mikono ikabaki hewani.

"Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii alihesabu. Ta, moja, shaa, mbili. Alihesabu kwa midomo tu, kidole kikigonga goti. Alifika saba.

"Saba," akasema. "Msellem, kutoka mlango ule hadi baraza ya jirani nilipokuwa nimekaa ni hatua tisa za Kibibi. Sikuzihesabu mara moja tu. Nimezihesabu tangu alipojifunza kutembea tena. Alikuwa akiniletea mahamri, siku ile ya Maulidi, na mimi nilimpokea. Mbili ziko wapi?"

Ningeweza kusema ziliungua. Angeamini. Nilikuwa nimekwisha kulifungua domo niseme hivyo.

"Nilizikata, mama," nikasema. "Kabla ya moto. Palikuwa na mkono wa mtu unalipokea sinia. Ulikuwa umeniambia wamtaka peke yake, nikaukata. Sikujua ni mkono wako."

Nje watu walikuwa wakitoka msikitini, nikasikia viatu vyao vikipita kichochoroni, na nilimwona akivisikiliza, kimoja kimoja, mpaka vikaisha. Akaishusha mikono yake mapajani, bangili zikalala.

"Si neno," akasema. "Hizo mbili nitazitembea mimi, nikampokee."

Kisha akaniomba niirudishe kanda mwanzo.